MWENYE HAKI YAKE ANA LA KUSEMA



Kila watu wanapotoka kuwalalamikia wenye mabenki, wakopeshaji na wapangaji wa mambo ya fedha, hupewa majibu. Lakini ukiyakusanya majibu hayo, ya New York na ya London, ya Nairobi na ya hapa nchini kwetu, utaona kuwa mengi hayamgusi aliyelalamikiwa. Yanamgusa mlalamikaji: amevaa nini, ametumwa na nani, amevunja nini, na kwa nini alikopa. Ama suala la fedha lenyewe, nani amechukua nini kwa nani na kwa haki ipi, hubaki limelala pale pale.

Katika toleo hili tumeona tulizungumze jambo hilo kwa sababu limekwisha kufika katika milango ya misikiti yetu. Hapa Mbalibali, kama ilivyo Mugumu, Tarime, Nyamongo na Sirari, habari za dunia hutufikia kwa redio na simu, na wakopeshaji nao hutufikia kwa simu na kwa pikipiki. Waumini wetu husikia jinsi walalamikaji wa mbali wanavyojibiwa, kisha, bila ya kukusudia, humjibu jirani yao kwa majibu yale yale.

Waislamu tunacho kipimo katika suala hili. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) kudai ngamia wake, akadai kwa maneno makali. Masahaba wakakasirika na kutaka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawafahamisha kuwa mwenye haki anayo nafasi ya kusema. Kisha akaamuru anunuliwe ngamia wa umri ule ule. Alipokosekana ila aliye bora kuliko yule, akaamuru apewe huyo aliye bora, na akawasifu wanaolipa kwa wema.

Tulitazame tukio hili kwa makini. Anayedaiwa ni kiongozi wa dola. Anayedai hana adabu. Waliomzunguka kiongozi wanayo nguvu ya kumnyamazisha, na wanayo sababu ambayo watu wengi wangeikubali, nayo ni ubaya wa lugha yake. Pamoja na yote hayo, Mtume hakuanza na lugha. Alianza na ngamia.

Hebu sasa tuyapime kwa kipimo hicho majibu manne yanayotolewa sana siku hizi.

Jibu la kwanza ni dharau. Septemba 2008 ilianguka benki kubwa ya Marekani iitwayo Lehman Brothers, na mwanzoni mwa Oktoba serikali ya nchi hiyo ikapitisha sheria ya kutenga dola bilioni 700 kwa ajili ya kuokoa sekta ya fedha. Mamilioni ya watu wa kawaida walipoteza nyumba zao kwa kushindwa kulipa mikopo, na msaada uliowafikia wao ulikuwa mdogo na wa kuchelewa. Tarehe 17 Septemba 2011 watu wakapiga kambi katika bustani ya Zuccotti mjini New York, karibu na Wall Street, mtaa wa wenye fedha, wakisema kuwa wao ni asilimia 99 na kwamba asilimia moja ndiyo inayoneemeka. Harakati hizo zikaitwa Occupy Wall Street.

Siku za mwanzo vyombo vikubwa vya habari viliwapita kana kwamba hawapo. Vilipowageukia, vingi vilianza na ngoma zao, nywele zao na mavazi yao. Mtangazaji wa CNN, Erin Burnett, aliwafanyia mzaha katika kipindi chake mwanzoni mwa Oktoba. Mwanasiasa Herman Cain, aliyekuwa akiomba kuteuliwa na chama cha Republican kugombea urais, alisema kuwa asiye na kazi na asiye tajiri asiilaumu Wall Street wala mabenki, bali ajilaumu mwenyewe. Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi, aliwaona kuwa ni makundi ya fujo. Ni haki kusema pia kwamba Rais Obama alikiri kuwa watu wale walikuwa wanaeleza uchungu ulioenea kwa wengi. Lakini katika kelele zote hizo, ni wangapi waliouliza kama ilikuwa haki mlipa kodi kumwokoa tajiri aliyecheza na fedha za watu?

Miaka 13 baadaye, jirani zetu wa Kenya waliyasikia hayo hayo. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kukusanya shilingi za Kenya bilioni 346, na miongoni mwa mapendekezo yake ilikuwemo kodi ya asilimia 16 katika mkate, na kupandisha ushuru unaotozwa katika ada za kutuma fedha kutoka asilimia 15 hadi 20. Vijana walipoingia mitaani Juni 2024, mabango yao yalilitaja Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kwa jina, kwa kuwa nyuma ya kodi zile waliyaona masharti ya mikopo. Kimani Ichung'wah, kiongozi wa walio wengi bungeni, aliwabeza kuwa ni watoto wanaokuja kwa magari ya Uber na wakimaliza huenda kula kuku wa KFC. Sisi tunauliza: ngamia yuko wapi? Kijana awe amekula kuku au amelala na njaa, mkate wa mama yake una kodi au hauna?

Jibu la pili ni kuuliza, "Nani kawatuma?" Julai 2024 Rais William Ruto aliituhumu hadharani taasisi ya Ford Foundation ya Marekani kuwa inafadhili fujo nchini mwake. Taasisi hiyo ikakanusha. Tuseme, kwa ajili ya kujadiliana tu, kwamba yuko aliyewanunulia vijana maji ya kunywa. Je, hilo linaifanya kodi ya dhulma kuwa ya haki?

Sisi Watanzania jibu hili tunalifahamu vizuri. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dkt. Willibrod Slaa alisoma mbele ya umma orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na katika kelele za siku zile lilikuwemo suala la fedha zilizotoka Benki Kuu. Wengi walijibu kuwa hizo ni siasa za upinzani za kutafuta kura, na baadhi ya waliotajwa wakatishia kwenda mahakamani. Hatusemi kwamba kila jina lililosomwa siku ile lilikuwa na hatia. Hilo ni la mahakama. Tunalosema ni kwamba hesabu zilipokaguliwa, ilibainika kuwa katika mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitolewa kinyume cha taratibu kutoka katika Akaunti ya Madeni ya Nje, EPA, na kulipwa makampuni 22. Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Laiti swali la "nani kawatuma" lingetosheleza kila mtu, fedha zile zisingetajwa tena.

Jibu la tatu ni kuhesabu vioo vilivyovunjika. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia katika eneo la Bunge la Kenya, na sehemu ya jengo ikachomwa moto. Jioni ile Rais alilihutubia taifa na kulizungumzia tukio lile kuwa ni uhaini. Siku ile ile kituo cha televisheni cha KTN kilieleza kuwa kimetishiwa kufungwa kwa sababu ya matangazo yake. Kesho yake Rais huyo huyo akatangaza kuwa hatautia saini muswada. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, katika hesabu yake ya hadi tarehe 1 Julai, ilitaja watu 39 waliouawa.

Hapa tuseme wazi, asije mtu akatunukuu vibaya: kuchoma jengo na kupora duka la mtu ni haramu, na kilio cha haki hakihalalishi mali ya mwingine. Aliyefanya hivyo ana hesabu yake mbele ya sheria na mbele ya Mola wake. Lakini kosa la wachache haligeuzwi kuwa jibu la hoja ya wengi. Kioo kina bei yake. Mkate nao una bei yake. Na roho 39 hazina bei. Mwandishi anayehesabu cha kwanza peke yake hajaandika habari, amechagua upande.

Jibu la nne ni la werevu zaidi, nalo ni kusema, "Mtaumia wenyewe." Wakenya walilalamikia riba kubwa za mabenki kwa miaka mingi, na Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini sheria ya kuzuia riba ya mikopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya nchi hiyo. Mabenki yaliipinga, na IMF nayo ikashinikiza iondolewe, kwa hoja kwamba wakopaji wadogo watanyimwa mikopo. Ikawa hivyo. Mabenki yalipunguza kuwakopesha wadogo na kuona ni afadhali kuikopesha serikali, na Novemba 2019 kikomo kile kikafutwa. Somo lililotolewa ni kwamba sheria ilikuwa mbaya. Huenda kweli ilikuwa na kasoro. Lakini tujiulize: katika kisa hiki, aliyetoa onyo ni nani, na aliyelitekeleza onyo lile ni nani? Mtu akikuambia, "Ukinilalamikia nitafunga duka," kisha akalifunga, hajathibitisha kuwa malalamiko yako yalikuwa ya uongo. Amethibitisha kuwa duka ni moja.

Pamoja na yote hayo, insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Si kila kilio katika mambo ya fedha ni cha haki. Mwaka 2009 serikali yetu iliposimamisha shughuli za DECI, taasisi iliyokuwa ikipokea fedha za watu kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, wanachama wengi hawakuikasirikia DECI. Waliikasirikia serikali, kwa kuwa walikuwa wanangojea mavuno. Lakini mavuno ya wa mwanzo yalikuwa ni mbegu za wa mwisho, na mchezo wa namna hiyo lazima umwangukie mtu. Kelele zilikuwa za kweli, machozi yalikuwa ya kweli, na hesabu ilikuwa ya uongo.

Kwa hiyo hatumwambii muumini amwamini kila anayelia. Tunamwambia asikilize, kisha apime. Qur'an, katika Suratul Hujurat aya ya 6, imetuamuru tuichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na katika Suratun Nisaa aya ya 135 imetuamuru tusimame na uadilifu, awe mhusika ni tajiri au ni masikini. Anayemwamini tajiri kwa utajiri wake amekosea, na anayemwamini masikini kwa umasikini wake tu naye hajapima.

Sasa tuje katika nyumba za ibada, maana waandishi na wanasiasa si wao peke yao wanaojibu. Oktoba 2011 waandamanaji wa London walizuiwa kuingia katika uwanja wa soko la hisa, wakapiga mahema yao kando ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Tarehe 21 Oktoba uongozi wa kanisa ukafunga milango kwa hoja ya usalama na afya. Baadhi ya magazeti yakachapisha picha zilizopigwa kwa kamera za kupima joto, yakidai kuwa usiku mahema yale hayana watu. Mjadala wa riba, mikopo na marupurupu ya wakubwa wa mabenki ukageuka kuwa mjadala wa mahema na vyoo. Ndani ya kanisa lenyewe mambo yalikuwa mazito: tarehe 27 Oktoba kasisi Giles Fraser alijiuzulu kwa kuwa hakukubali watu wale waondolewe kwa nguvu, kesho yake milango ikafunguliwa, na tarehe 31 mkuu wa kanisa hilo naye akajiuzulu. Mwanzoni mwa Novemba Askofu Mkuu wa Canterbury, Rowan Williams, akaandika kuunga mkono kodi katika biashara za fedha. Yaani kiongozi wa dini alilirudisha neno mahali pake, kwenye ngamia. Mahema yaliondolewa tarehe 28 Februari 2012, lakini kwa muda mfupi swali lenyewe lilisikika.

Nairobi, Juni 2024, Msikiti wa Jamia uliopo katikati ya jiji ulifungua milango yake kwa watu waliokuwa wakikimbia mabomu ya machozi, na waliojeruhiwa wakapata huduma ya kwanza. Hawakuulizwa kwanza dini yao wala kabila lao. Kuifungua milango hakukuwa sawa na kutia saini kila bango lililobebwa barabarani. Ilikuwa ni kukiri kwamba aliye mlangoni ni mtu, na kwamba huenda ana haki. Hilo ndilo tunalolitaka kwa misikiti yetu midogo ya Mara.

Na sisi huku hatuna Wall Street, lakini tunayo mikopo iliyopewa jina na watu wenyewe: kausha damu. Jina hilo halikutungwa na mwanachuoni wala mwanasiasa. Limetungwa na waliokaushwa. Mama anakopa kwa ajili ya ada ya mtoto, mbegu au mtaji wa genge. Analipa marejesho kila wiki, na wiki moja ikimshinda, wanakuja kubeba godoro, sufuria na redio. Mwalimu anaacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji, na mshahara unaingia mikononi mwa mwingine kabla hajauona. Anayekopa kwa programu za simu anakuta jamaa zake na wakubwa wake wa kazi wametumiwa ujumbe wa kumfedhehesha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kanuni zilizotolewa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ziliweka kikomo cha riba ya wakopeshaji wasiopokea amana kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopo wa shilingi 100,000 ukitozwa kiasi hicho, riba ya mwezi ni shilingi 3,500. Mtu huyo huyo akitozwa asilimia 20 kwa mwezi, riba ni shilingi 20,000, na akibaki na deni lile mwaka mzima atakuwa ametoa shilingi 240,000 za riba na bado anadaiwa 100,000 zile zile. Sisi Waislamu msimamo wetu juu ya riba unajulikana, iwe ndogo au kubwa. Lakini hata kwa sheria ya nchi yenyewe, huyu wa pili amedhulumiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Basi walalamikaji hawakuwa wakiota ndoto.

Je, wamejibiwaje? Bungeni suala lao limezungumzwa, na majukwaani limekuwa kibwagizo: kila mgombea hulaani kausha damu, watu hupiga makofi, na mkopeshaji hubaki na kadi za benki kabatini. Vyombo vya habari navyo hupenda machozi. Tunaoneshwa mama analia, lakini hatuambiwi riba ilikuwa kiasi gani, mkataba ulisema nini, wala kama mkopeshaji ana leseni. Tukumbuke pia kwamba magazeti na redio huishi kwa matangazo, na makampuni ya fedha na ya simu ni miongoni mwa watangazaji wakubwa. Hatumtuhumu mwandishi yeyote kwa jambo hilo. Tunamkumbusha msomaji tu kwamba habari nayo ina mlipaji wake.

Lakini jibu linalotuuma zaidi ni lile linalotoka msikitini. Zipo mimbari ambazo mama huyu akizifikia huambiwa: "Ulijua riba ni haramu. Sasa unalia nini?" Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na wala hatuwezi kuhalalisha alichokiharamisha Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, tuisome Suratul Baqara vizuri. Katika aya ya 278 na 279 waumini wameamrishwa kuacha riba iliyobakia, na onyo zito la vita kutoka kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake limeelekezwa kwa yule asiyetaka kuiacha, yaani anayedai. Aya hiyo hiyo ikampa mkopeshaji haki ya rasilimali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Aya ya 280 ikaamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka afarijike, na ikasema kuwa kumsamehe ni bora. Vipi basi sisi tuigeuze amri iliyomlenga anayedai, tukamtupia mwenye dhiki peke yake?

Tena tuseme jambo ambalo halisemwi. Katika safu zetu wamo wanaokopesha kwa riba. Wengine huketi safu ya mbele, na wengine huchangia mabati na mazulia. Khatibu anayemkemea mkopaji kwa sauti kubwa, na akifika kwa mkopeshaji akashusha sauti, anafanya kile kile walichofanya waandishi wa New York walipozitazama nywele za kijana na kuliacha jengo la benki lililo nyuma yake.

Ifahamike pia kwamba hadithi tuliyoanza nayo inakata kuwili. Yule aliyesema kwa ukali alikuwa ni mdai, na haki yake ilikuwa ni kulipwa. Kwa hiyo mkopaji anayekimbia deni, anayebadilisha laini ya simu na kuhamia kijiji kingine ilhali anacho cha kulipa, asijifiche nyuma ya jina la kausha damu. Rasilimali ya mtu ni amana. Anayeitetea haki ya mnyonge kwa kula haki ya mwingine hajatetea haki.

Kutokana na hayo, tunazishauri kamati za misikiti yetu mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila msikiti uwe na watu wawili au watatu waaminifu, akiwemo mwanamke, wa kumsikiliza mwenye malalamiko ya mkopo baada ya sala. Wasianze na lawama. Waanze kwa kuuomba mkataba, kisha waandike: alipokea kiasi gani, amelipa kiasi gani, anadaiwa kiasi gani, na kwa hesabu ipi. Waislamu ndio tulioamrishwa kuandika deni na kulishuhudishia. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'an, inahusu jambo hilo. Ni aibu kwetu kukuta mkopo bila ya karatasi.

Pili, waulize leseni. Sheria ya 2018 imeweka usimamizi wa wakopeshaji chini ya Benki Kuu, na vikundi vya kijamii vya fedha, kama VICOBA, husajiliwa kupitia halmashauri. Mkopaji anayo haki ya kuelezwa masharti na gharama kabla ya kutia saini. Palipo na ukiukaji, barua iandikwe kwa heshima na kwa takwimu, ipelekwe halmashauri, na nakala iende tawi la Benki Kuu, Mwanza. Barua moja yenye hesabu sahihi hujibiwa kwa taabu zaidi kuliko kelele za watu mia, kwa kuwa haina nywele za kuchekwa wala kioo cha kuhesabiwa.

Tatu, tuwe na mfuko wa mkopo mwema, qardhul hasan, hata ukianza na fedha ndogo. Jamaa zetu ni wachache katika mkoa huu, na hatuwezi kumkopesha kila mtu. Lakini tunaweza kumzuia mama mmoja asiingie, na mmoja tumtoe. Wenye madeni wametajwa katika mafungu manane ya zaka, Suratut Tawba aya ya 60. Tujiulize ni lini mara ya mwisho fungu hilo lilitolewa katika kijiji chetu.

Nne, makhatibu na walimu wa madrasa wasirushe wala kusimulia kila kipande cha video kinachoingia katika simu. Wakisikia habari ya watu waliotoka barabarani, Kenya au kwingineko, waulize maswali matatu kabla ya kupanda mimbari: wanadai nini hasa, aliyedaiwa amejibu nini juu ya dai lenyewe, na ni nani aliyekwenda kupima? Tukikosa majibu ya maswali hayo, kunyamaza ni bora kuliko kubeba dharau ya mtu mwingine na kuifanya hotuba.

Watakuja wengine kulia, wa mbali na wa karibu. Baadhi yao watasema kwa ukali, na baadhi watakuwa wamekosea hesabu. Yupo atakayesimama mlangoni mwetu Ijumaa ijayo akiwa na karatasi ya mkopo iliyokunjwa mkononi. Kabla hatujamuuliza kwa nini alikopa, tumpe nafasi ya kusema, kisha tuisome karatasi ile pamoja naye mstari kwa mstari.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaondolee dhiki wenye madeni, awape wenye mali nyoyo za kusamehe, na atujaalie tuwe wasikilizaji waadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.